Mwaka Nilioruhusiwa Kusema Hewani

Walimzika Fundi Mligo Jumamosi iliyopita, Njombe, katika manyunyu yale yasiyoloanisha haraka lakini yanayoingia mpaka kwenye mifupa. Watu wanne walisimama kumsifu. Wa mwisho, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kwaya, alisema marehemu aliwafungulia vijana wa mkoa huu mlango wa dunia kwa njia ya redio. Nilikuwa nyuma, karibu na masufuria, nimeshika sahani ya wali na maharage. Kijana wa kwanza kufunguliwa mlango huo ni mimi. Aliyenifungia ni yeye. Halafu akanionyesha namna ya kurudi ndani kwa kutambaa, nami nikatambaa. Mama mmoja aliyekuwa akigawa chai akaniuliza, "Baba, nawe ulikuwa mwanafunzi wake?" Nikasema ndiyo. "Basi ungesema neno pale mbele." Nikamwambia sauti imenikauka. Uongo. Sauti nilikuwa nayo, tena kubwa, ila kama ningeanza kusema alichonifanyia mimi ningelazimika kumalizia na nilichomfanyia mtu mwingine, na hilo sijawahi kumwambia mtu. Naliandika hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, na sababu zake hazina kazi humu. Tangu hapo nilikuwa nimepakia mbao, nimechoma matofali, nimeuza betri za tochi karibu na stesheni ya treni Makambako, nimefungua na kufunga redio za watu mpaka vidole vikajua njia vyenyewe. Sikuwa mtu wa kukaa mahali. Nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi hamu inakwisha, naondoka. Kilichonishika Njombe ni chumba kimoja. Kilikuwa nyuma ya stoo ya misheni moja nje kidogo ya mji, hatua nne kwa tano, kuta za kijani iliyobabuka, dirisha moja ambalo kioo chake kilichopasuka kilizibwa kwa gazeti. Mezani kulikuwa na blanketi la kijivu lililokunjwa mara mbili, na juu yake redio ya mawasiliano. Chini ya meza, betri mbili za lori. Baridi ya mle ndani ilizidi ya nje. Fundi Mligo alikaa humo na koti la sufu na kofia ya kufunika masikio. Kila alipotaka kuvaa hedifoni ilimbidi aivue ile kofia, na kila alipoivua aliitukana baridi kwa Kibena.

Saa moja kamili asubuhi vituo vyote viliingia hewani: zahanati, parokia, shule za bweni, kuanzia Makete mpaka mwambao wa Ludewa. Simu za mkononi zilikuwepo, lakini minara ilikuwa michache na milima mingi. Fundi alikuwa na daftari kubwa. Watu walikuja wakaandika, au wakaandikiwa, naye akasoma. "Familia ya Haule, Ludewa. Bibi amefika salama, amelazwa, amekula uji. Msije wote. Ova." "Mwalimu Sanga, mkeo amejifungua, mtoto wa kike, analia vizuri. Ova." Kukiwa na msiba alishusha sauti, akasoma mara mbili, kisha akasubiri mpaka upande wa pili useme umepokea na utaje jina la mtu atakayeipeleka habari kwa miguu. Kabla ya jina hilo hakuendelea na taarifa nyingine. Siku moja mzee mmoja alifika tumeshafunga, nikamwambia arudi kesho. Fundi aligeuka kwenye kiti. "Wewe nani? Nani kakupa mamlaka ya kukaa na maneno ya mtu?" Akawasha upya, akaita kituo kimoja kimoja mpaka akampata mtu ambaye hajazima, taarifa ikasomwa. Baadaye tulikula viazi vya kuchemsha kwa chumvi, na hakunisemesha mpaka sahani ikaisha. Ndivyo nilivyojifunza redio. Sikujifunza kwa waya na betri. Hizo nilikuwa nazijua tayari. Nilijifunza kwamba mashine ile ipo kwa ajili ya kupeleka neno la mtu kwa mtu wake, na anayeikalia ni tarishi tu.

Pembeni ya kazi hiyo Fundi alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa. Hawa ni watu wa dunia nzima wanaoongea hewani kwa kupenda tu. Hufanya mtihani, hupewa leseni, na kila mmoja hupewa alama yake ya herufi na namba ambayo anajulikana nayo kama wewe unavyojulikana kwa jina la baba yako. Fundi alinipa kitabu cha mtihani. Kilikuwa Kiingereza kitupu, na Kiingereza changu kilikuwa cha maandishi ya kwenye maboksi ya spea. Nilikisoma kwa kamusi miezi mitatu. Nilikariri masafa, nikakariri umeme, nikakariri kanuni. Moja ya kanuni ilisema mwenye leseni asipeleke nje ya nchi ujumbe wa mtu wa tatu asiye na leseni, isipokuwa nchi hizo mbili ziwe zimekubaliana. Katika mtihani, Dar es Salaam, swali hilo lilikuja na nililijibu sahihi. Nalisema mapema ili mtu asije akanitetea. Niliijua kanuni. Ila kichwani mwangu huyo mtu wa tatu alikuwa mfanyabiashara aliyevaa tai, anayekwepa gharama za simu. Hakuwa na sura ya mtu yeyote niliyewahi kumwona akiingia kwenye chumba cha Fundi.

Leseni ilipofika ilikuwa karatasi moja yenye muhuri wa bluu na majina yangu matatu. Mtu asiye na cheti chochote hawezi kumweleza mwenye navyo jinsi karatasi kama hiyo inavyosomwa na kusomwa tena. Nilifanya ambacho kila mtu kwetu hufanya akipata cheti: siku hiyo hiyo niliipeleka steshenari ikapigwe laminesheni. Mashine ilikuwa imepata moto kupita kiasi, plastiki ikajikunja juu ya muhuri, na kijana wa steshenari akakata kingo na mkasi kwa maringo, akaondoka na nusu ya namba ya kumbukumbu. "Hii sasa, bro, hata mvua ikinyesha ndani ya nyumba," akasema, "haiozi."

Nilikuwa nimehamia Makambako, natengeneza simu kwenye kibanda cha mtu pale Lyamkena. Redio ya kurushia sikuwa nayo na nisingeweza kuwa nayo. Lakini kulikuwa na programu ya kompyuta iliyounganisha redio za ridhaa kwa njia ya intaneti. Unakaa mbele ya kompyuta na maiki, unasema, sauti inapita kwenye intaneti na kutokea kwenye redio ya mtu aliye nchi nyingine. Fundi alikuwa nayo kwenye kompyuta ya misheni. Wenye programu hiyo hawakumwingiza kila mtu. Ilibidi uwatumie nakala ya leseni waikague, wakiridhika wanaifungulia alama yako. Mita hamsini kutoka kibandani kwangu kulikuwa na intaneti kafe ya Dada Tumaini, mwanamke mnene, mcheshi, aliyevaa koti la mvua ndani ya nyumba. Kompyuta tano, pazia la maua, jiko la mkaa nyuma alikopikia kande, kiasi kwamba mpaka leo nikisikia harufu ya kande nasikia na mlio wa mashine zile zikiwaka. Nikakaa, nikaskani leseni yangu, nikaituma. Kompyuta ya jirani mzee mmoja alikuwa akimsomea Dada Tumaini barua ya kumwandikia mfadhili. "Andika, nakupenda katika Bwana." "Nimeandika." "Andika, ng'ombe uliyetupa amekufa." "Amekufa lini?" "Wewe andika tu. Hajafa, ila atakufa, hali majani."

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Walisema karatasi yangu inaonekana kuchezewa. Muhuri hausomeki, namba imekatwa, kuna mng'ao. Niliirudia kuskani mara sita, nimeilaza, nimeisimamisha, Dada Tumaini ameshika kanga kuzuia mwanga wa dirisha. Wakakataa. Nikachukua wembe nikaanza kuibandua plastiki, na muhuri wa bluu ukabaki kwenye plastiki. Nilikaa navyo mkononi, huku karatasi, huku muhuri, na hasira niliyokuwa nayo siku ile ilikuwa ya kitoto kwa sababu ilikuwa bado inaweza kucheka. "Sasa una leseni mbili," Dada Tumaini akasema. Nikampigia Fundi. Kwa kuwa alikuwa ndani ya mtandao ule miaka mingi na walimjua, aliwaandikia kwamba ananifahamu, nimefundishwa naye, leseni yangu ni ya kweli na ofisi iliyoitoa inaweza kuulizwa. Wakauliza, wakajibiwa. Wiki iliyofuata alama yangu ikawaka kwenye orodha, mistari miwili chini ya mtu wa Kanada.

Sijui niandikeje kuhusu wiki sita zilizofuata bila kuonekana mjinga. Kila siku saa tisa alasiri, kibanda kikipoa, nilikwenda kafe nikavaa hedifoni. Niliongea na mwalimu wa Brazili aliyefuga nyuki. Niliongea na dereva wa lori wa Kanada aliyesimamisha lori barafuni ili anisikie vizuri. Wote waliniuliza redio yangu ni ya aina gani na antena yangu ina urefu gani, nami niliwaambia ukweli, kwamba antena yangu ni Dada Tumaini. Kiingereza changu kilinyooka kwa kuongea. Hakuna aliyeniuliza nimesoma mpaka wapi. Walionisikiliza hawakuwa na njia ya kuona viatu vyangu, na hilo kwa kijana aliyezoea kutazamwa viatu kwanza lilikuwa kama kulewa. "Kaka," Dada Tumaini alinilalamikia, "punguza sauti. Wateja wanauliza kama humu kuna mtu anakemea mapepo." Wengine walikuja makusudi kunitazama. Habari ikatembea mpaka sokoni kwamba Lyamkena kuna kijana anaongea na Sauzi.

Ndiyo iliyomleta Mama Tweve. Alikuwa Mkinga wa Iwawa, Makete, ameshuka na viazi kwenye lori, mwanamke mwembamba aliyefunga shuka jeusi la msiba kiunoni. Alisimama mlangoni mpaka nilipovua hedifoni.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesema na Sauzi?"

"Nasema na yeyote anayenijibu, mama."

"Basi nisemee na mwanangu."

Alikaa kwenye benchi la wateja, akakataa chai, akaeleza yote bila kulia. Mwanawe wa kwanza, Asifiwe, alikwenda Durban miaka mitatu nyuma. Mwanzoni alipiga simu. Sasa namba yake haipatikani. Mume wake alikuwa amefariki wiki tatu zilizopita. Wamezika. Lakini wazee wa ukoo walisema kikao cha kumaliza msiba hakiwezi kukaa bila kauli ya mtoto wa kwanza, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa anasema mtoto aliyepotea si mtoto, waendelee, shamba lirudi kwa ukoo. "Wamenipa mpaka mwisho wa mvua. Asifiwe akisema, mama abaki shambani, nabaki. Asiposema, natoka na sufuria zangu. Sihitaji aje. Nahitaji aseme tu." Dada Tumaini alikuwa ameacha kukoroga kande. Nilichukua karatasi nikaandika kama Fundi alivyoandika, jina, mahali, neno lenyewe. Sikufikiri. Natamani niseme kwamba nilipima nikaamua kuvunja kanuni kwa ajili ya mjane, ningekuwa mtu bora zaidi katika habari hii. Sikupima. Mkono uliandika wenyewe kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa.

Saa tisa nikasoma. Mara mbili, polepole, Kiswahili kisha Kiingereza. Asifiwe Tweve wa Iwawa, aliyeko Durban. Baba yako amefariki na amezikwa. Mama yako yuko shambani na anasubiri kauli yako kwa wazee. Mzee mmoja wa Durban mwenye sauti ya kukwaruza akasema amepokea, kwamba anawajua Watanzania wanaofanya kazi karibu na bandari, kwamba ataulizia. Nikamwomba jina lake, akalitaja, nikaliandika. Mama Tweve alisikia kila kitu kwenye spika bila kuelewa neno la Kiingereza, ila jina la mwanawe alilisikia likirudi kutoka huko kwa ulimi wa mzungu, na hapo ndipo alipojifunika uso. Nilisoma tena kesho yake na kesho kutwa. Siku ya nne nilipofungua programu, alama yangu haikuwaka. Kulikuwa na barua pepe. Mtu aliyesikia, sitamjua kamwe ni nani, alinishtaki kwao. Nimepeleka nje ya nchi ujumbe wa mtu asiye na leseni. Nimefungiwa. Wakiombwa kufikiria upya watataka maelezo yangu, na maelezo ya aliyenidhamini.

Sikuogopa. Aliyenidhamini alikuwa Fundi Mligo, na hakuna mtu katika nyanda zote za juu aliyejua zaidi yake kwa nini nilisoma taarifa ile. Nilimpigia nikamweleza. Akasema, "Niachie." Baada ya siku mbili barua yake iliwafikia, na wao, kwa utaratibu wao, wakanitumia nakala. Niliisoma kafe, jirani yangu akiangalia video ya harusi. Aliandika kwamba alinionya mara kwa mara kuhusu jambo hili. Kwamba mimi ni kijana mwenye kipaji lakini mkaidi. Kwamba elimu yangu ni ndogo na kanuni kwangu ni ngumu kuelewa. Kwamba yeye binafsi, katika miaka yake yote hewani, hajawahi kusoma wala kuniruhusu kusoma ujumbe wa mtu. Nilirudia sentensi hiyo ya mwisho mpaka herufi zikaacha kuwa maneno.

Nilidandia lori tupu la mbao kwenda Njombe nikamkuta nyumbani, mchana, mezani. Mkewe, Mama Upendo, alifurahi kuniona na pamoja na hasira zangu zote ilibidi ninawe mikono na kukaa, kwa sababu nyumba ile huwezi kusimama mtu anapakuliwa. Ugali, maharage, mboga ya maboga. Redio ndogo dirishani ikisoma bei za mahindi. Fundi alikula matonge matatu kabla ya kunitazama.

"Umeisoma," akasema.

"Umesema uongo, Fundi."

"Kula kwanza."

"Umesema sina elimu."

"Unayo?"

Mama Upendo akasema, "Baba Upendo, jamani," akainuka akaenda jikoni, na nilisikia akisimama nyuma ya mlango bila kugusa chombo.

"Sikia," Fundi akasema, kwa sauti ile ile ya kusomea misiba. "Ningewaandikia nini? Kwamba hapa kwangu watu wanasoma taarifa kila asubuhi? Wale hawajui tofauti ya redio ya misheni na ya ridhaa kwa mtu kama mimi. Wangeniuliza nimesoma taarifa ngapi kwenye hii ya ridhaa. Nami nimesoma, wewe unajua nimesoma. Wangetufungia wote wawili. Sasa mmoja yuko ndani. Aliye ndani anaweza kumvuta wa nje."

"Kumvuta vipi?"

"Waandikie ulionywa. Waandikie umekosa, hutarudia. Wanataka tu mtu mmoja aseme hivyo. Ukisema, wanafungua. Mimi nimeshakutengenezea njia."

"Na yule mama?"

Alichukua muda akisafisha sahani na kipande cha ugali. "Yule mama," akasema, "hana alama."

Niliondoka na ugali wangu umepoa mbele ya kiti. Njia nzima mpaka Makambako niliapa sitaandika. Ningeishi bila mtandao wao. Nilikuwa nimeacha shule, nimeacha kazi saba, nitashindwa kuacha na hili? Sasa hivi, nywele zikiwa zimeanza kuniacha na nimeshaishi Tunduma, Songea, Mbeya, Kyela na kwingine nisikokumbuka vizuri, najua kwamba mtu mzururaji si lazima awe mtu huru. Anaweza kuondoka popote mpaka pale anapopatikana na kitu anachokitaka kweli. Nilivumilia siku kumi na moja. Kila siku saa tisa mwili ulitaka kuinuka. Nilikuwa natengeneza simu huku nikisikia kichwani watu wakiitana bila mimi, yule wa nyuki, yule wa lori, na kila mteja aliyeweka simu mezani alinitazama viatu. Siku ya kumi na mbili nilikwenda kafe nikaandika kwamba nilionywa, kwamba nilikosa, kwamba sitapokea wala kupeleka tena neno la mtu asiye na leseni. Kiingereza changu kilikuwa safi. Walinifungulia baada ya siku mbili na kunipongeza kwa unyofu wangu.

Siku ya tatu tangu nirudi, saa tisa na dakika chache, sauti ile ya kukwaruza ikaniita kwa alama yangu. "Makambako, nimekutafuta zaidi ya wiki mbili. Ulikuwa wapi? Nimempata kijana wa yule mama. Nina jibu lake. Una kalamu?" Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Kwenye orodha ya kompyuta kulikuwa na alama kama thelathini zimewaka, maana yake watu thelathini wanasikiliza, na mmoja wao alikuwa yule aliyenishtaki mara ya kwanza, na sikujua ni yupi. Nikasema, kwa Kiingereza kizuri, kwamba nasikitika, kituo hiki hakipokei ujumbe wa watu wasio na leseni. Kisha mzee akasema, bila kukasirika, kama anayedhani sijamsikia vizuri, "Rafiki yangu, ni maneno manne tu." Nikakata.

Ningeweza kumwomba barua pepe. Wazo hilo lilikuja dakika moja baadaye, nikiwa bado nimeangalia kioo cha kompyuta, na ningeweza kuita upya. Nilijiambia hata kuomba hivyo ni kupanga kupokea. Hiyo si sababu, ni woga uliovaa kanuni, na niliufahamu hata wakati ule. Baadaye, nilipopata ujasiri usio na maana, nilimtafuta miezi. Alama yake haikuwaka tena. Labda aliugua, labda alihama, labda alichoshwa na watu wa aina yangu. Maneno manne. Nimeyapanga kwa namna nyingi mno, kwenye vyumba vya wageni na juu ya malori. Mama abaki shambani kwake. Mwambieni mama kwamba nakuja. Sina la kusema, kwaheri. Hata hili la mwisho lilikuwa mali ya Mama Tweve, si yangu, na nililimwaga.

Mama Tweve alikuja Alhamisi. Mvua zilikuwa zinaishia. Hakuwa na viazi safari hii, alikuja kwa hilo tu, na aliposimama mlangoni Dada Tumaini, ambaye hakujua lolote, alimletea kiti mwenyewe.

"Kamwene, mwanangu. Amesema?"

"Hakuna jibu, mama."

"Yule mzungu hajampata?"

"Hajasema kitu."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Alikaa kidogo akiangalia kompyuta, jinsi mtu anavyoangalia nyumba ya watu. Kisha akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ikiwa ya baridi na migumu, akanishukuru kwa kujaribu. Alisema wengine hawakujaribu hata hicho. Alisema sasa anajua, atakwenda kuwaambia wazee wakae kikao chao. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipovuka barabara kwenda kusubiri lori la Makete, shuka jeusi limeloa pindo. Kwenye kioo mtu wa kisiwa fulani cha Ureno alikuwa ananiita. Nilivaa hedifoni, nikamjibu, na tuliongea kuhusu hali ya hewa kwa dakika arobaini.